Mtungi wa Watu Watatu

Alhamisi, 3 Aprili

Wamemuua Mzee Laban. Nimeanza kuandika leo kwa sababu hiyo tu, maana mimi si mtu wa kalamu, mikono yangu imezoea udongo. Lakini nikikaa bure nitamtukana mtu, na wa kutukanwa leo ni wengi.

Tulienda kumwona asubuhi, mimi na wanawake wenzangu. Alikuwa amelala mlangoni mwake, nusu ndani nusu nje. Mapanga yalimpata shingoni na viganjani, viganjani hasa, kwa kuwa alijikinga. Vidole viwili vilikuwa chini kando ya kinu na kuku alikuwa akivizungukia. Nikamfukuza kuku. Nywele za mzee zilikuwa nyeusi tititi. Mwaka jana alinunua rangi Kilifi akajipaka, kama wanavyofanya wazee wengi huku Ganze siku hizi, ili watu wasione mvi wakamwita mchawi. Damu ilikuwa imegandia kwenye ile rangi. Nikasaidia kumfunika.

Mvua za masika zimechelewa. Wanasema yeye ndiye aliyezifunga.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumemzika. Gerishom, naibu wa chifu wetu, alisimama na kofia yake kifuani akasema mzee ameuawa na watu wasiojulikana, kundi kubwa la vijana, na serikali inachunguza. Waliokuwa nyuma yangu wakaitikia: kundi kubwa, labda ishirini, labda zaidi. Nilimkodolea macho Gerishom mpaka akaangalia pembeni.

Kenga, mdogo wangu, ndiye aliyechimba kaburi kuliko wote. Alikataa kupokewa jembe. Tangu mwanawe mchanga afe kwa homa mwezi wa pili sijamwona akishika kazi kwa nguvu namna ile, nami nilimwonea fahari.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeponda vigae vya kuchanganyia udongo kutwa nzima. Jua kali. Sina neno jingine.

Jumatano, 9 Aprili

Nimegombana na Mama tena, na sababu ni ile ile ya kila mwaka: maji. Shangazi Jumwa, dada yake marehemu Baba, anafinyanga mitungi ambayo watu wanaifuata kutoka Malindi, maji yake yana ubaridi wa kukata kiu kweli. Mama anaishi hatua chache tu kutoka kwake, na maji ya kunywa anayaweka kwenye dumu la plastiki, ya moto kama ya kuogea. Hatii mdomoni kitu kilichotoka mkononi mwa wifi yake. Nikamwambia ataugua kwa kiburi. Akaniambia nimekuwa mtoto wa Jumwa siku hizi.

Labda ni kweli. Nilipomwacha mume kule Muyeye, Malindi, nikarudi hapa na sanduku moja, Mama aliniuliza nimekosa nini. Shangazi aliniuliza kama naweza kubeba udongo. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Macho yake ni mekundu mwaka mzima kwa kuchoma vyombo tangu usichana wake, maana moshi wa makumbi ya nazi haumwachi mtu salama. Siku hizi wapo wajinga wanaosema macho mekundu ni ya mchawi. Yangu nayo yameanza kuwa mekundu.

Leo nilikuwa na mtungi uliokauka nusu, ule wakati wa kuchora mapambo. Nilishika waya wa mwavuli ninaochorea, nikataka kupiga mistari yetu ya kawaida, mkono ukakataa. Nikachora nyumba ya Laban. Nikamchora Laban mlangoni, mikono juu. Nikachora wenye mapanga. Wawili waliacha uwazi mkubwa upande wa nyuma, wanne wangebanana, nikaweka watatu, wakalizunguka tumbo la mtungi vizuri.

Shangazi aliutazama kwa muda mrefu. Nilidhani atanigombeza. Akaweka alama kwa ukucha wake chini ya mdomo wa mtungi, yale makato mawili anayoyaweka kwenye kila chombo kinachotoka kwetu, kiwe chake au changu.

"Watu wanakunywa maji kila siku," akasema. "Basi wamwone kila siku."

Jumatatu, 14 Aprili

Malindi. Nilipeleka vyetezo na vyungu kwa Bi Mwanabibi, anayetuuzia dukani kwake nyuma ya soko. Alipofika kwenye ule mtungi alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Sidi mwanangu, hiki nini?"

"Mtungi, Bi Mwanabibi."

"Mtungi naujua. Na hawa?"

Nikamweleza. Akazungusha bangili yake.

"Mimi nauza vyombo vya maji, bibi. Siuzi maiti. Nani atakayeweka kitu hiki jikoni kwake anywe?"

"Uweke mbele tu. Usiponunuliwa nitaurudisha."

"Una kichwa kigumu wewe, sawasawa na huyo shangazi yako," akasema. Lakini akauweka mbele, akasogeza vyetezo vyake pembeni.

Alhamisi, 17 Aprili

Bi Mwanabibi amepiga simu. Mtungi umeondoka. Umechukuliwa na mwanamke wa Muyeye aliyekimbia na watoto kutoka kwao huku bara, mama yake alipokatwa. Alilia dukani akiwa ameukumbatia, mpaka wateja wakatoka. Anataka mwingine, wa mama yake, na jina liandikwe. "Nilisema mimi kwamba siuzi maiti," Bi Mwanabibi akasema, "na sasa naona nimenena vibaya. Fanya haraka."

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua imenyesha tukiwa kanisani, nzito, mabati hayakuacha mtu kusikia mahubiri. Laban yuko kaburini na mvua imekuja, na hakuna hata mmoja aliyesimama kuomba radhi.

Jumatatu, 28 Aprili

Wanawake wanakuja wenyewe sasa. Wanakuja kwa aibu kwanza, wanauliza bei ya chungu cha kupikia, wanazungumza habari za mvua, halafu wakiaga wanageuka: "Na Baba je, unaweza kumweka?" Nawauliza alikuwa mtu wa namna gani. Mmoja alikuwa mwembamba mwenye fimbo. Mwingine alipenda kuvaa koti hata kwenye joto. Nimewachora na koti na fimbo, na panga juu yao.

Mitungi iko jikoni mwa watu, ndiyo raha yangu. Picha ya ukutani mtu huizoea, lakini mtungi lazima uuinamie, uchote, unywe. Mke wa jirani aliniambia mumewe anaugeuza kila asubuhi ili picha iangalie ukuta, naye anaurudisha kila jioni, na hawajasemezana neno juu yake.

Ijumaa, 2 Mei

Kenga alikuja mchana na nilifurahi kumwona. Huyu ndiye niliyembeba mgongoni hadi shuleni mvua ikijaza makorongo, akinivuta masikio nigeuke kushoto au kulia. Nilikuwa nafinyanga mtungi wa binti yake Laban, mfano wa ule wa kwanza. Kenga aliuzunguka. Alizunguka tena.

"Dada, nani alikuambia walikuwa watatu?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Umejuaje?"

"Nafasi ya mtungi hiyo. Wawili ni wachache, wanne wanabanana. Kwani wewe umekuwa mfinyanzi?"

Hakucheka, naye ni mtu wa kucheka.

"Ni yule bikizee," akasema. "Yeye ndiye aliyekuonyesha."

"Shangazi ana jina."

"Mkono ni wako, dada. Macho ni yake."

Nilikuwa nimeweka chai jikoni. Akaondoka bila kunywa.

Jumamosi, 3 Mei

Nimeelewa nikiwa nakanda udongo, nikakaa humo humo kwenye matope.

Huku kwetu kila mtu alisema ni kundi kubwa. Gerishom alisema kundi. Waliokuwa makaburini walisema ishirini. Hakuna mtu hata mmoja aliyesema watatu. Mimi nilibahatisha kwa ajili ya tumbo la mtungi, na wa kujua kwamba nimepata sawa ni yule tu aliyekuwepo. Nimeandika jina lake nikalifuta, nimeandika tena. Kenga alikuwepo. Alimkata Laban, kisha akamchimbia kaburi mbele yetu.

Baya zaidi ni kwamba anaamini. Anaamini kabisa kuwa Shangazi aliwaona kwa uchawi akanipa mimi nichore, na alama ya Shangazi iko chini ya mdomo wa kila mtungi. Nikimwambia nilibahatisha, atasema nadanganya. Nilitaka wazee wasiuawe, na nimemchagulia anayefuata.

Nilimwendea Mama. Alikuwa anachambua mchicha. Nikamwambia yote. Hakuinua kichwa.

"Usilitaje jina la mwanangu kwenye jambo hilo," akasema.

"Mama, atamuua Shangazi."

"Nimekuambia usilitaje."

Nikamwambia ni mwoga, na kwamba amekuwa mwoga tangu nilipomjua. Akaendelea na mchicha wake.

Jumatatu, 5 Mei

Kwa Gerishom. Alinisikiliza huku akikata kucha.

"Sasa niwapelekee wakubwa nini, Sidi? Mtungi?"

"Upeleke maneno yake. Ameijua hesabu."

"Mtu kuuliza swali si kosa. Haya ni ya nyumba moja, yaanzie nyumbani."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Mkewe alitoka jikoni kusikiliza vizuri.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Udongo haukauki.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua.

Jumatatu, 12 Mei

Mbuzi wawili wa Shangazi wamekatwa miguu ya nyuma. Hawakuuawa, wamekatwa tu wakaachwa. Tuliwakuta asubuhi wanajikokota kwenye tope kwa miguu ya mbele, wanalia kama watoto. Nilimwita jirani awachinje, akakataa kuingia uani kwetu. Nimewachinja mwenyewe. Wa pili hakufa upesi, nikapiga kisu mara kadhaa, damu ikaniingia kinywani.

Nasikia waume wameanza kuvunja mitungi. Mke wa jirani aliukinga mtungi wake kwa mwili, akapigwa mpaka jino likatoka. Mtungi ukavunjwa vilevile.

Jumatano, 14 Mei

Bi Mwanabibi amesema, "Mlete hapa, chumba kipo, na asije na unyonge, mimi nimechoka kula peke yangu." Nikamwambia Shangazi. Amekataa.

"Nikiondoka watasema nimekimbia kwa kuwa ni kweli. Na udongo utauzwa kesho yake."

Kishamba cha bondeni chenye shimo la udongo ni chake, alipewa na babu alipoachika. Kenga amekuwa akimleta mtu anayetaka kuchimba mawe pale. Hilo nalo nilikuwa nalijua na sikulitia maanani. Sijui Kenga alianza na lipi, mtoto wake aliyekufa au shamba. Pengine naye hajui.

"Hata macho yako hayakuogopeshi?" nikamuuliza Shangazi. "Paka basi nywele rangi."

"Laban alipaka," akasema.

Jumanne, 20 Mei

Jua limetoka. Mitungi inakauka. Shangazi anataka tuchome Jumamosi.

Jumatatu, 26 Mei. Kilifi, hospitalini

Nimeomba karatasi kwa muuguzi. Bado mgongo unaniuma kukaa.

Kila mtu kwetu anajua kwamba mfinyanzi akishawasha moto haondoki mpaka vyombo vitoke, na hasemi na mtu, maana ukigombana motoni vyombo vinapasuka. Shangazi hajawahi kuvunja mwiko huo hata siku moja. Walijua Jumamosi tutachoma kwa kuwa tulipanga makumbi na kuni uani tangu Alhamisi, watu wakipita. Walijua atakuwa amekaa pale pale kwenye kigoda chake, na hata akiwaona hatakimbia.

Walikuja mchana kweupe, jua utosini, kupitia upande wa mihogo. Nguo zimefungwa usoni, mapanga mkononi. Watatu. Safari hii niliwahesabu.

Wa kwanza hakupoteza muda. Alimwendea Shangazi moja kwa moja akainua panga. Shangazi aliinua mkono wa kulia, na panga likaingia juu ya kiganja, nikasikia mfupa. Hakupiga kelele. Alikitazama kiganja chake kinavyoning'inia, uso wake wa mtu aliyeona chombo chake kimeharibika. Panga likashuka tena likampata begani. Wa pili alikuwa anapiga teke fungu la moto, makaa yakaruka, mitungi mitatu ikapasuka kwa kishindo na vigae vya moto vikamwingia miguuni akaanza kurukaruka akitukana. Wa tatu alinijia mimi. Alinipiga ubapa wa panga mgongoni nikaanguka kifudifudi kando ya moto.

Mti wa kutolea vyombo ulikuwa pale, ule mrefu wa mwanzi, ncha yake tayari inawaka. Niliushika nikainuka. Huyu aliyenipiga nilimchoma tumboni akarudi nyuma. Halafu nikamgeukia yule aliyekuwa juu ya Shangazi, aliyekuwa ameinua panga kwa mara ya tatu, nikamtia ule moto usoni. Niliusukuma. Nilisikia nyama inavyokaanga na sikuutoa.

Akapiga ukelele: "Mama!"

Sauti ile naijua tangu haijaanza kusema maneno. Nguo ikaungua ikaanguka. Alikuwa Kenga, shavu lote limefunguka, jicho moja limefumba. Mama alikuwa ametoka, amesimama mlangoni kwake na mwiko mkononi. Wakaangaliana.

Nikauinua mti tena kumpiga kichwani, nia yangu ilikuwa kumuua, na naandika hivyo bila haya. Mama akaita jina langu. Aliita mara moja tu, si kwa nguvu. Nikasita, wakakimbia, Kenga wa mwisho, akipapasa njia.

Mama alikuja akachana kanga aliyovaa. Alimfunga wifi yake mkono, akakaza kwa meno. Damu ilikuwa imemjaa mpaka viwikoni. Sikumbuki nani aliyeita pikipiki. Shangazi tulimweka katikati yetu kwenye ile pikipiki hadi barabarani, na njia nzima alikuwa akiniuliza kama kuna kilichotoka kizima motoni.

Madaktari wamekata kiganja chote. Bega wameshona.

Ijumaa, 30 Mei

Askari walikuja wodini. Shangazi akawaambia macho yake mabovu, hakuona mtu. Mimi nikasema nitakwenda kituoni kuandikisha nikipona. Walipotoka nilimwuliza kwa hasira kwa nini amedanganya.

"Mimi sina mtoto," akasema. "Mama yako anao wawili. Usiniulize mimi."

Jumapili, 8 Juni

Wazee wa ukoo wameketi kwetu. Kenga alikuja, bandeji uso mzima, akasema alirukiwa na mafuta ya mahamri. Mahamri. Kenga hajawahi hata kuchemsha maji. Wazee wakatikisa vichwa kumhurumia. Kisha wakaamua: atolewe mbuzi wa kusafisha boma, Jumwa ahamishwe kwa usalama wake, shamba la bondeni lirudi kwa wanaume wa nyumba, na Sidi aache kuchora watu kwenye vyombo kwa sababu ndiko ugomvi ulikotokea.

Nilisimama nikawaambia wamkate na mkono wa kushoto kabisa, kazi iishe. Mmoja akaniambia nikae, mwanamke. Sikukaa.

Kenga alinipita karibu akitoka. "Mkamtoe huko hospitali," akasema polepole, "mkamfiche mnakotaka. Maadamu yu hai anatuona."

Jumatatu, 9 Juni

Mama amenipigia magoti. Mama yangu, chini kwenye tope, kanga imelowa.

"Usiende polisi. Umeniona nimezaa wawili tu. Usinizikie mwanangu yu hai."

"Ulimwona, Mama. Ulimwona kama nilivyomwona."

"Nilimwona."

"Basi inuka."

Nilimwambia amezaa muuaji na anamlinda. Nilimwambia Baba angekuwapo angemwonea aibu. Alibaki palepale mpaka nikaingia ndani nikafunga mlango.

Alhamisi, 12 Juni

Shangazi amerudi. Amekataa Malindi mara ya pili. Anashika udongo kwa mkono wa kushoto na unamwanguka, anautukana, anauokota. Mama hajatoka nyumbani kwake.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda nusu ya njia ya Kilifi nikarudi. Niliwaza watoto wa Kenga, binti yake mkubwa anayeniita shangazi kama mimi ninavyomwita Jumwa. Atakua akijua nani alimfunga babake. Nimejidharau njia nzima ya kurudi.

Jumatatu, 16 Juni

Nimekwenda. Niliondoka alfajiri, nikavaa nguo ya kanisani, sikumuaga mtu. Njiani nilirudia maneno nitakayosema ili nisilie mbele ya askari.

Kituoni nilimwambia aliyekuwa mezani kwamba nimekuja juu ya mdogo wangu Kenga na shambulio la mwezi uliopita. Akaniangalia.

"Wewe ndiye Sidi? Mama yako yuko ndani. Amekuja jana jioni, amelala hapa kwenye benchi. Hatukuweza kumwondoa."

Alikuwa amekaa chumba cha pili, miguu imevimba, ndara mkononi. Kutoka kwetu hadi barabara kuu alitembea, hakutaka pikipiki ya mtu wa kwetu imwone anakokwenda. Alikuwa amekwisha kusema. Askari alinisomea maelezo yake ili nithibitishe ya kwangu, na nilimsikia Mama kwa mara ya kwanza maishani.

Usiku ule wa Laban, Kenga alifika kwake ametapakaa damu. Mama alimkatia sabuni. Alimwagia maji kwa dumu lake la plastiki, akaosha panga, akaosha shati, akamwambia alale. Alijua tangu siku ile. Nilipomkuta akichambua mchicha alikuwa anajua kwa mwezi mzima. Aliwataja na wenzake wawili, majina ya baba zao na wanakolala. Alisema aandikwe yeye naye, kwa ile sabuni.

Nilikaa karibu naye kwenye benchi. Nikasema, "Ulinipigia magoti nisimtaje, Mama."

"Usimtaje wewe," akasema. "Wewe ni dada yake. Ungemfunga wewe, watoto wake wangekulaani na wewe ungekaa nayo mpaka kufa. Mimi nimemzaa. Akinichukia mimi, haya, amenichukia."

"Na magoti yote yale?"

"Nilikuwa bado natafuta njia nyingine. Juzi akaja kula. Nikampa chakula, akala, akanawa, akaniambia, Mama, ukisikia kelele wiki hii usitoke nje." Alikuwa akipangusa vumbi kwenye ndara kwa kidole. "Mimi Jumwa sikumpenda tangu nilipoolewa, na simpendi. Ana maneno, ana dharau. Lakini si mtu wa kukatwa."

Walimkamata Kenga saa nane, nyumbani kwake, amelala. Wenzake wawili kabla ya jioni. Mama naye wamemwacha arudi kwanza, wataamua mbele ya safari.

Njiani aliuliza kitu kimoja tu, kama kule ndani wanapewa chakula cha jioni. Nikamwambia sijui.

Jumatano, 18 Juni

Watu wanapita mbali na boma letu. Mke wa Kenga amechukua watoto akaenda kwao, na amepita mbele ya mlango wa Mama akatema mate. Mama aliyafukia kwa mguu akaendelea kufagia.

Alipika wali wa nazi na samaki, yule changu mwekundu ambaye Kenga anampenda tangu utotoni, akafunga vizuri kwenye bakuli na kitambaa, akaenda nao Kilifi peke yake. Nilimwambia nimsindikize, akakataa.

Amerudi jioni na bakuli limefungwa vilevile. Kenga alikataa kumwona. Alimtuma askari amwambie hana mama.

Mama alisimama uani kwa muda, bakuli mikononi. Nilidhani atalimwaga. Akatembea hadi kwa Shangazi, ambako hajakanyaga miaka na miaka, akaketi chini kwenye mkeka wake bila kukaribishwa, akafungua kitambaa.

"Kimepoa," akasema.

"Nitakula hivyo hivyo," Shangazi akasema, akanyoosha mkono wa kushoto. Samaki alimshinda. Mkono mmoja hautoi miiba.

Mama akalivuta bakuli upande wake. Akamchambua yule samaki taratibu, mwiba mmoja mmoja, akiuweka kando, na kila kipande kilichokuwa safi akakisogeza mbele ya wifi yake. Alikuwa analia wakati wote huo na hakupangusa. Shangazi alikula mpaka akamaliza. Kesho Mama atapika tena na kwenda Kilifi.